Rula Inayoanzia Tatu

Miaka kumi na tisa naitembea reli hii,
kutoka Goweko hadi daraja la pili, na kurudi,
spana begani, chupa ya uji kiunoni,
nikikaza nati, nikigonga chuma na kukisikiliza
kama mkunga anavyosikiliza tumbo.
Sikuwahi kujiuliza
kwa nini vipande viwili vya reli havigusani.

Aliuliza Nyanzobe.
Darasa la nne, magoti meupe kwa vumbi,
rula yake imevunjika, inaanzia tatu.
"Baba, hapa mlisahau kuunga?"

Kasanzu alicheka hadi akaketi juu ya kokoto.
Nami jibu letu lilikuwa limeshafika ulimini,
lile nililopewa na baba, naye akapewa na wake:
Ndivyo ilivyo. Nenda kachote maji.

Sijui nini kilinizuia.
Labda njaa. Labda alivyochuchumaa pale,
jicho moja kalifumba, pumzi kaibana,
kama anayemchungulia ndege asiruke.
Nikasema: "Pima. Halafu urudi upime tena
jua likiwa utosini."

Saa kumi na mbili na nusu, reli ina umande:
thelathini na tisa, toa thelathini.
Milimita tisa.
Akaandika nyuma ya daftari la Hisabati.
Saa nane, chuma hakishikiki,
hata mjusi anakivuka kwa ncha za vidole,
akaja mbio na sare yake, hajala:
tano.
"Baba! Reli imekua!"

Alivyolitamka hilo *imekua*
ungedhani ng'ombe wetu kazaa pacha.

Akapima siku kumi na moja.
Siku ya mvua mwanya ulikataa kupungua.
Siku ya sita alikosea, akatia mate kidoleni afute;
nikamwambia acha, andika pembeni: hapa nilikosea.
Akaandika, kwa herufi kubwa kuliko zote.

Mama yake akaguna jikoni:
"Mnahesabu nafasi tupu, nyie, na kuni hakuna."
Alikuwa anatia maharage chunguni,
na chungu hakukijaza.
"Na hiyo nafasi, mama, umeiachia nini?"
Mwiko ukasimama hewani.
"Yavimbe," akasema, polepole,
kisha akacheka peke yake mpaka usiku.

Jumapili tulikwenda kuiona reli mpya,
ile iliyopanda juu ya tuta, imenyooka kama uzi wa fundi.
Nyanzobe akalala kifudifudi, akatambaa, akatafuta.
Hakuna mwanya. Hatua mia mbili, hakuna hata mmoja.
Akageuza uso, shavu lina mafuta na mchanga:
"Hii ikipata joto inakwenda wapi?"

Nikatazama huku. Nikatazama kule.
Miaka kumi na tisa, na spana yangu.
"Sijui," nikasema.

Neno lilitoka kama msumari wenye kutu,
kwa kulia, kwa kupindapinda,
nikangoja nimwone mwanangu akinipungukia machoni.
Hakupungua mtu.
Alifungua ukurasa safi,
akaandika: *Baba hajui.*
Akafikiri, akaongeza: *bado.*

Njiani akauliza, yeye akitimiza miaka thelathini
treni zitakuwa zinatembeaje.
Mimi kesho nimezoea kuihesabu kwa madeni:
unga, bati, ada ya kaka yake.
Nikamwambia, hilo utanieleza wewe.
Akanyamaza kilomita nzima,
akitembea kama mtu aliyekabidhiwa kazi
na anaogopa kuchelewa.

Jumamosi nakwenda Tabora kuchukua mshahara.
Nitaleta chumvi, sabuni, betri za tochi,
na rula mpya inayoanzia sifuri.
Ameshaniomba ile ya zamani nisiitupe.
Anasema amezoea kutoa tatu.